Kuzimwa na Kuisha Chaji: Uhakiki wa Ujenzi na Usalama wa Amplifaya za Valvu Zilizoundwa kwa Mikono Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki amplifaya mbili za redio zinazotumia valvu, moja ya Mbeya mjini na nyingine ya Iringa mjini, zilizoundwa na mafundi binafsi ili kuongeza nguvu ya mitambo ya simu ya upepo. Hoja inayotetewa ni kwamba ubora wa mashine ya aina hii haupimwi kwa sura yake wala kwa nguvu inayotoa inapofanya kazi, bali kwa hali inayobaki ndani yake baada ya kuzimwa. Hoja hiyo inahusishwa na lugha ya karakana, ambamo kitenzi kuzima kinafunika tofauti ambayo fundi anaihitaji ili abaki hai. Mashine hizo zimesomwa kama tafsiri za michoro iliyochorwa kwa ajili ya nchi nyingine, na zimepimwa kwa mazingira ya Nyanda za Juu Kusini zinakotumika.

Chimbuko la uhakiki

Nilikwenda Mbeya kukusanya maneno. Utafiti wangu wa uzamivu unahusu istilahi za mafundi wa redio, na daftari langu la siku ya kwanza lina orodha ya kawaida: fezi, nyutro, ethi, fyuzi, rezista, daiodi, risasi, shoti. Siku ya tatu, mzee mmoja mwenye karakana jirani na Mwanjelwa, aliyejifunza kazi jeshini na baadaye akawa anatengeneza mitambo ya mawasiliano ya misheni, alinipeleka chumba cha nyuma anioneshe kazi aliyoiita ya maisha yake. Aliiwasha, taa za valvu zikawaka rangi ya machungwa, akaiacha ipate moto kwa muda, kisha akaizima na kuchomoa plagi. Tulikaa tukinywa chai huku akinieleza historia yake. Aliporudi kwenye meza alifungua kifuniko, akasogea pembeni na kuniambia, "Nimeshachomoa, mwanangu. Imezima. Shika tu, uone ilivyosukwa."

Sikushika. Kabla ya kuingia katika masomo ya lugha nilipita shule ya ufundi, na katika mambo machache niliyobaki nayo kutoka huko, la kwanza ni woga wa kapasita. Nilimwomba mzee ruhusa nipime kwanza. Kapasita zilikuwa sita, zimeungwa mfululizo. Tano zilisoma karibu na sufuri. Ya nne kutoka chini ilisoma volti 340. Zaidi ya dakika kumi zilikuwa zimepita tangu plagi itolewe ukutani.

Mzee aliitazama mita, akanitazama mimi, akasema, "Lakini imezima."

Makala haya yametokana na sentensi hiyo. Mzee hakukosea Kiswahili, na wala hakuwa fundi mzembe. Alisema kweli kwa lugha aliyokuwa nayo, na ukweli huo ungetosha kuniua.

Mashine na chanzo chake

Kabla ya minara ya simu za mkononi kuenea vilimani, misheni, hospitali za vijijini, mashamba makubwa na ofisi za serikali zilitegemea redio za mawimbi mafupi, ambazo watu waliziita simu ya upepo. Mitambo mingi ya aina hiyo ilikuwa na nguvu ndogo, na mtu aliyetaka kusikika vizuri ng'ambo ya milima, hasa nyakati za mvua na radi, alitamani kuikuza. Ndipo amplifaya ya valvu ilipopata nafasi. Valvu kubwa ya kurushia matangazo huvumilia makosa ambayo yangeua transista kwa sekunde moja, na fundi mwenye subira huweza kuiundia mtambo kwa bati, waya wa shaba na vifaa vya mitambo iliyokufa. Gharama ya uvumilivu huo ni volti. Transista ya gari hufanya kazi kwa volti 12. Valvu hizi hudai volti 1,500, 2,000 au hata 3,000 za mkondo mnyoofu.

Mashine zote mbili ninazozihakiki hazirushi matangazo tena. Matumizi yoyote ya masafa ya redio nchini yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na wenyewe wanalijua hilo. Wanaziwasha kwa kuunganisha mzigo wa majaribio badala ya antena, kwa sababu wanazipenda. Hilo la kuzipenda lisidharauliwe. Mashine inayopendwa hufunguliwa mara kwa mara, na kila inapofunguliwa mkono wa mtu unaingia ndani.

Nimesema kuwa ninazisoma kama tafsiri. Mchoro wa mashine ya Mbeya ulitoka katika kitabu cha mwongozo wa redio cha Marekani, cha aina ambayo chama cha wanaredio wa huko kimekuwa kikichapisha tangu mwaka 1926. Mchoro una msamiati wake, sarufi yake na msomaji wake aliyekusudiwa. Msomaji huyo anaishi Marekani, karibu na usawa wa bahari kuliko sisi, na umeme unaoingia nyumbani kwake si huu wetu. Fundi wa Mbeya aliutafsiri mchoro huo neno kwa neno. Kwa mwanafunzi wa tafsiri, tatizo linalofuata halina ugeni: uaminifu kwa matini chanzi ulizaa kosa katika matini lengwa.

Mashine ya Mbeya

Kwa sura, ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona katika karakana za mtaani. Uso wake ni bati nene lililopakwa rangi ya kijivu, herufi zimechongwa kwa mkono, mita mbili zimekaa sawia, na vitufe vinazunguka bila kukwama. Ndani, waya zimepangwa kwa pembe za mraba na kufungwa kwa uzi kama zilivyofungwa katika mitambo ya kijeshi ya zamani. Valvu zake ni mbili za aina ya 813, na umeme wake mkubwa ni volti 2,000.

Tangu shule ya sekondari tumezoeshwa kugawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui, na mhakiki mvivu hutumia sentensi tatu kuisifu fani na kurasa kumi kusimulia maudhui. Katika mashine hii mgawanyo huo haushikiki. Namna rezista ilivyoungwa ndiyo maana yake. Tuichukue ile kapasita ya nne.

Kila kapasita ina mikrofaradi 220 na imeandikwa volti 450. Zikiungwa sita mfululizo hugawana volti 2,000, kila moja ikibeba takribani 333. Kwa pamoja zinahifadhi nishati ya jouli 73 hivi. Mashine ya hospitali ya kushtua moyo hutoa, kulingana na aina yake, kati ya jouli 120 na 360 kwa mtu mzima, tena kupitia vibao vipana vilivyopakwa mafuta maalumu na kushikwa na mtu aliyefunzwa. Katika sanduku la Mbeya zaidi ya nusu ya kiwango cha chini cha nishati hiyo husubiri ncha ya kidole.

Kinga ya kwanza dhidi ya hifadhi hiyo ni rezista ya kutolea chaji, ambayo huungwa sambamba na kila kapasita. Ina kazi mbili. Mashine ikiwaka, inahakikisha kapasita zinagawana volti kwa usawa. Mashine ikizimwa, inazimaliza chaji polepole. Mzee alitumia rezista za omu 100,000. Hesabu ya thamani hiyo ni sahihi: chaji ingeshuka kutoka volti 2,000 hadi chini ya 50 kwa muda wa dakika moja na nusu. Kosa limo katika ukubwa wa rezista zenyewe. Kila moja inapewa kazi ya kupoteza wati 1.1 muda wote mashine inapowaka, ilhali alizoweka ni za nusu wati. Zilidumu kwa miaka kadhaa, jambo linaloonesha kuwa mashine ilikuwa ikiwashwa kwa vipindi vifupi, kisha moja ikakatika ndani. Kwa nje haikuungua. Ilikuwa na mstari mwembamba wa kahawia ambao mtu asiyeutafuta asingeuona.

Rezista hiyo ilipokatika, mambo mawili yalitokea kwa mkupuo mmoja. Kapasita ya nne ilipoteza njia ya kumaliza chaji yake. Pia ilipoteza mgawo wake wa haki, kwa hiyo kila mashine ilipowashwa ilianza kubeba volti nyingi kuliko wenzake, ikisogelea kikomo ambacho baada ya hapo kapasita hupasuka na kumwaga ndani ya sanduku. Hakuna mita usoni pa mashine iliyoonesha lolote. Mita ya volti kubwa husoma jumla, na jumla haikubadilika. Uso uliochongwa kwa ustadi ule uliendelea kutoa habari njema.

Msomaji atauliza kwa nini fundi mzoefu achague rezista za nusu wati. Nilimwuliza. Alisema ndizo zilizokuwapo. Jibu hilo nimelisikia katika karakana nyingi na silioni kuwa kisingizio. Hata hivyo lina dawa iliyo ndani ya uwezo wa mtaa. Rezista tatu za omu 33,000 zikiungwa mfululizo hugawana joto na hugawana volti. Volti nazo ni muhimu, kwa kuwa rezista ndogo huwa na kikomo chake cha volti ambacho mafundi wengi hukisahau kwa sababu hakikuandikwa mwilini mwake. Fundi aliyepata rezista moja sokoni angeweza kupata tatu.

Kosa la pili la Mbeya ni la tafsiri hasa. Mchoro wa Marekani una fyuzi mbili kwenye waya zinazoingia, na mzee ameweka fyuzi mbili. Huko, kifaa cha volti 240 hupewa waya mbili ambazo zote zina moto, kila moja ikiwa volti 120 juu ya nyutro, kwa hiyo kila moja inastahili fyuzi yake. Kwetu, umeme wa nyumbani wa volti 230 huja kwa fezi moja na nyutro. Fyuzi iliyowekwa kwenye nyutro ikiungua kabla ya ile ya fezi, taa za valvu zinazimika, feni inasimama, mashine inanyamaza kabisa, huku fezi ikiwa imeingia hadi ndani ya transfoma. Macho yanaona mashine iliyokufa. Ilitakiwa fyuzi moja, kwenye fezi, pamoja na swichi inayokata waya zote mbili kwa pamoja.

Transfoma nayo ilitoka katika mtambo wa Marekani, iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa mizunguko 50. Kwa volti ileile, chuma cha transfoma hiyo hubebeshwa usumaku zaidi kwa karibu sehemu moja ya tano, nacho hupata joto hata kama mashine haijafanya kazi yoyote. Mzee alilijua joto hilo na akaweka feni ndogo. Alitibu dalili.

Hewa ya mwinuko

Hapa uhakiki unahitaji kutoka nje ya sanduku kidogo. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa mita 1,600 hivi. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa kati ya asilimia 15 na 19 kuliko ile ya Tanga au Dar es Salaam. Wakimbiaji wanalijua jambo hilo kwa mapafu yao. Wajenzi wa amplifaya hulijua kwa cheche.

Hewa ni kihami. Uwezo wake wa kuzuia umeme kuruka hupungua kadiri inavyokuwa nyepesi. Kati ya sahani mbili bapa na safi, mwanya wa milimita moja huzuia takribani volti 3,000 ufukweni. Mbeya mwanya huohuo huzuia karibu 2,500, na sahani zikiwa na vumbi au kingo kali, huzuia pungufu zaidi. Mzee alinieleza kwamba kapasita ya kusawazishia masafa, ile yenye sahani zinazozunguka, hurusha cheche asubuhi za masika. Alilaumu unyevu. Unyevu una sehemu yake, lakini mwanya kati ya sahani ulichukuliwa kutoka kwenye mchoro kama ulivyo, na mchoro haukuandikwa kwa ajili ya hewa ya Mbeya. Cheche moja ya aina hiyo huweza kufungua njia ambayo nishati yote ya kapasita hupita kwa kishindo, ikavunja valvu na kuunguza mita. Ndiyo sababu wajenzi makini huweka rezista ndogo ya omu kumi hadi hamsini, imara, katika njia ya volti kubwa, ili kuukaba mkupuo huo. Mbeya haipo.

Hewa nyepesi pia hupoza vibaya. Feni inayosukuma ujazo uleule wa hewa husukuma uzito mdogo zaidi, nayo valvu inajali uzito. Watengenezaji wa valvu kubwa hutoa majedwali yenye vipimo vya usawa wa bahari na vya mwinuko, kwa hiyo habari hii si siri. Imo katika safu ya jedwali ambayo msomaji wa Marekani aliyekusudiwa huiruka, na mtafsiri wetu akairuka pamoja naye.

Mashine ya Iringa

Niliifikia kwa kuelekezwa na muuza vipuri. Mwenyewe ni fundi wa makamo anayeishi Kihesa. Baada ya "kamwene" na kuulizana habari za nyumbani alinionesha kitu ambacho, kusema kweli, nilidhani ni takataka. Fremu yake ni tranka la bati la mwanafunzi wa bweni, bado lina mabaki ya jina lililopakwa kwa rangi nyeupe. Vitufe havifanani. Waya zimepita zilipopita. Valvu zake ni mbili za aina ya 811A, kwa volti 1,500, na kapasita ni nne.

Kisha alifungua kifuniko. Kabla hakijafika nusu, swichi ya ukingoni ilikata umeme unaoingia, na wakati huohuo kipande cha shaba chenye bawaba kilianguka juu ya msumari wa volti kubwa, kikasikika "ta!". Kipande hicho hakijaungwa moja kwa moja kwenye bodi. Kimepitia elementi ya pasi ya zamani, ambayo humeza chaji yote kwa sehemu ndogo ya sekunde bila mlipuko. Rezista za kutolea chaji zipo pia, za wati tatu kila moja, ilhali hesabu inadai 1.4. Pembeni mwa tranka imening'inia fimbo: bomba la plastiki la maji, urefu wa mkono mmoja, ncha yake ndoano ya shaba iliyoungwa kwa waya mnene hadi kwenye ethi.

"Kaka," nilimwuliza, "rezista zipo, kipande hiki kipo. Fimbo ya nini tena?"

Alinionesha kovu kwenye kiganja. "Mwaka wa kwanza nilizima, nikachomoa, nikashika. Nilipoamka mke wangu alikuwa ananimwagia maji. Tangu siku hiyo siamini kitu nisichokigusisha fimbo mwenyewe. Na nikishagusisha, naiacha hapohapo inaning'inia mpaka nimalize kazi."

Kuiacha ikining'inia kuna sababu ambayo hakuieleza kwa nadharia ila anaijua kwa uzoefu. Kapasita kubwa iliyoshibishwa kwa muda mrefu, ukiimaliza chaji na kuiondolea fimbo, hurudisha sehemu ya volti zake yenyewe baada ya dakika chache, kwa kuwa kihami chake huachia polepole kile kilichokuwa kimekinywa. Anayegusa mara moja na kuweka fimbo kando amejilinda kwa dakika chache tu.

Kwa kigezo ninachokitetea, tranka la Kihesa ni kazi bora kuliko sanduku la Mwanjelwa, na tofauti si ndogo. Sisemi hivyo kwa kuwa ubaya wa sura ni fadhila. Waya zilizopita ovyo zina madhara yake: fundi mwingine atakayerithi mashine hiyo hatajua ipi inakwenda wapi, na katika ufundi kurithiana ni jambo la kawaida. Lakini fundi wa Iringa alitumia akili yake pale ambapo mwili wa mtu unakutana na mashine, naye mzee wa Mbeya aliitumia pale ambapo jicho linakutana nayo.

Tranka lina dosari moja ambayo ni nzito kuliko zote nilizozitaja. Kati ya volti 1,500 na tundu la antena ipo kapasita moja tu ya kuzuia, ambayo hupitisha mawimbi ya redio na kuzuia mkondo mnyoofu. Kapasita hiyo ikitoboka, volti 1,500 hutoka sandukuni na kutembea kwenye waya wa antena uliopita juu ya uwanja, ambako watu huanika nguo na watoto hucheza. Kinga yake inajulikana na ni rahisi mno: koili ya waya kutoka tundu la antena hadi kwenye bodi. Mawimbi ya redio huiona kama ukuta. Mkondo mnyoofu huiona kama njia iliyo wazi, hivyo kapasita ikitoboka fyuzi huungua mara moja. Mashine ya Mbeya inayo koili hiyo, imesukwa vizuri, kwa sababu ilikuwamo kwenye mchoro. Kwa hiyo uaminifu kwa matini chanzi nao una sifa zake, na ni haki kumpa mzee sifa hiyo.

Kuhusu mpango wa fundi wa Iringa wa kubadili transfoma yake kwa ile ya jiko la maikrowevu, nilimpinga palepale. Transfoma hizo hutoa takribani volti 2,000 zenye uwezo wa kuua bila kusita, na upande mmoja wa waya wa volti kubwa umeungwa kwenye chuma chenyewe, kwa hiyo haikubali daiodi nne za kawaida bila kufumuliwa. Nilimshauri pia asizifungue kapasita za mafuta za zamani alizozihifadhi chini ya meza. Mafuta ya baadhi yake ni ya jamii ya kemikali zilizowekwa katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu ya sumu yake ya kudumu. Alizisukuma ndani zaidi kwa mguu. Sikuridhika, lakini sikuwa na mahali pazuri zaidi pa kumwelekeza.

Kitenzi kuzima

Turudi kwenye sentensi ya mzee. Mafundi wa Mbeya na Iringa huuita umeme moto: waya una moto, moto umekatika, fezi ndiyo waya wa moto. Sitiari hiyo inafaa kwa sehemu kubwa ya kazi zao. Moto huzimwa, na uliozimwa hauunguzi, au angalau majivu yake yanatoa joto la kukuonya. Kapasita haifuati sitiari hiyo. Haina joto, haina mwanga, haina sauti wala harufu. Anayeifikiria kwa lugha ya moto hana sababu ya kuiogopa baada ya swichi.

Neno shoti linaongeza giza. Waya mbili zikigusana ni shoti. Mtu akipigwa na umeme amepigwa shoti. Na kitendo cha kumaliza chaji kwa fimbo, ambacho ndicho kinachookoa, nacho nimesikia kikiitwa kupiga shoti. Mwanafunzi wa karakana anayeambiwa "ipige shoti kwanza" anasikia kwa neno moja ajali, hitilafu na kinga. Mwanagenzi mmoja wa Iringa aliniambia kwamba kwa wiki kadhaa alidhani bosi wake anamtania.

Mtaalamu wa istilahi hapa hushawishika kuunda neno. Tuna mapokeo ya kufanya hivyo tangu kuanzishwa kwa BAKITA mwaka 1967, na TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kamusi ya namna hiyo ilikusudiwa darasa, na imelisaidia darasa. Karakana haikuisubiri. Nionavyo mimi, neno tayari lipo mdomoni mwa kila mtu. Kila mwenye simu ya mkononi anajua kwamba simu inaweza kuzimwa ikiwa bado ina chaji, na kwamba kuzimwa na kuisha chaji ni mambo mawili. Hakuna Mtanzania anayeyachanganya. Tofauti ambayo mzee alikosa namna ya kuitaja chumbani kwake aliitumia kila siku mfukoni mwake; hakuihamishia kwenye kapasita kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kapasita ni kitu cha aina moja na betri ya simu kwa jambo hilo. Nilipomwambia, "Mzee, imezima lakini haijaisha chaji," alielewa kabla sijamaliza sentensi.

Kuna watakaosema kwamba kosa la Mbeya lilikuwa la rezista, si la neno, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anavuka mpaka wake. Nakubali kuwa rezista ya wati tatu ingezuia hatari ile siku ile. Lakini kila rezista hufa siku moja, na siku hiyo kinachobaki kati ya mkono na kapasita ni kile fundi anachokiamini kuhusu hali ya mashine, na imani hiyo imeundwa kwa maneno.

Kibao cha Mbeya kimeandikwa HATARI kwa herufi nyekundu na fuvu la kichwa, kwa mtindo wa vibao vya transfoma za barabarani. Kama matini ya usalama, ni dhaifu. Kinamwambia mpita njia akae mbali, na kwa mpita njia kinatosha. Fundi hawezi kukaa mbali. Kazi yake iko ndani. Yeye anahitaji kitenzi, tena chenye mpangilio. Ndani ya kifuniko cha tranka la Kihesa, kwa kalamu ya wino mzito, yameandikwa maneno haya: CHOMOA. HESABU MIA MBILI. GUSISHA FIMBO. IACHE. Sikuona mahali alipoandika hatari.

Hesabu ya mia mbili, kwa mwendo wa kawaida, ni zaidi ya mara mbili ya muda ambao rezista zake zinahitaji. Alipoulizwa alitoa wapi namba hiyo alisema mia moja ilionekana kidogo.

Nilirudi Mbeya baada ya wiki tatu nikiwa na mchoro wa kipande cha shaba chenye bawaba nilioupata Iringa. Mzee alikuwa ameshabadilisha rezista zote sita kwa tatutatu, zimefungwa kwa uzi kwa pembe zilezile za mraba. Fyuzi ya nyutro bado ilikuwapo. Alisema ataiondoa, ila tundu lake litaharibu uso. Kwa upande wa Iringa nilituma kwa simu picha ya koili ya tundu la antena la mzee na idadi ya mizunguko yake. Fundi alijibu kwamba ameipata, na akauliza kama waya wa transfoma ya redio ya zamani utafaa. Nilimjibu kwamba utafaa kama ni mnene wa kutosha kuunguza fyuzi kabla haujakatika wenyewe. Hadi ninapokabidhi makala haya hajaniambia kama ameiweka.